Ehe, ikawaje?

Wiki iliyopita nilipanda daladala Kabwe kwenda Uyole, hapa Mbeya. Nyuma yangu dada mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake habari za shemeji yake, mfanyabiashara wa maparachichi. "Basi kafika Tukuyu usiku, mvua hiyo inanyesha, anagonga mlango, anayefungua ni..."

"Mama John wapo?" Konda anauliza wa kushuka kituo hicho.

"Wapo!"

Watu wakashuka, gunia la viazi likashushwa, chenji ikadaiwa. Gari lilipoondoka, yule mwenzake akasema, "Ehe?" Hata mimi nilikuwa nimeacha kuchati, sikio liko nyuma. Konda alikuwa amekata palepale penye utamu.

Tumelelewa tukiambiwa kukatiza mtu ni kukosa adabu. Mimi nasema inategemea unakatizaje. Anayechomekea "ehe", "we!" au "hebu rudia hapo" anakupa nguvu ya kuendelea. Anayedakia anakupokonya neno mdomoni na kukimbia nalo. Nimeshawahi kuwa huyo. Tuko Iringa, kikao cha mahari, baba mdogo anaeleza taratibu polepole kama kawaida yake, nikamdakia ili tufike kwenye kula. Akanyamaza. Akanyanyua kikombe, akanywa chai yote, akakiweka. "Haya, malizia." Sikuwa na cha kumalizia.

Bungeni wameuwekea mchezo huu sheria. Mtu anasimama, "Taarifa, Mheshimiwa Spika!", aliyekuwa anachangia anakaa, kisha anaulizwa kama anaipokea. Kijiweni kwetu Mwanjelwa wameshaliiba hilo neno. Ukitia chumvi kwenye habari za mpira, kidole kinapanda: "Taarifa!" Nawe unajibu "siipokei", unaendelea. Napenda hapo, maana neno linarudi kwa mwenyewe.

Kwenye maigizo kuna waliokatiza kwa makusudi. Bertolt Brecht, Mjerumani aliyefariki 1956, aliivunja michezo yake kwa nyimbo na mabango, mtazamaji asizame kwenye machozi akasahau kufikiri. Augusto Boal wa Brazili alienda mbali zaidi: mtazamaji anasema "simama!", anapanda jukwaani, anachukua nafasi ya mwigizaji na kujaribu njia nyingine. Ebrahim Hussein, mwandishi wetu wa tamthilia, baada ya kuandika Kinjeketile (1969), naye alikwenda kusoma Berlin Mashariki, mji wa Brecht. Lakini bibi hakuhitaji kufika Berlin. Mkianza kusinzia pembeni ya moto anakata kisa katikati, "Hadithi, hadithi!", na msipoitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", haendelei ng'o.

Ndiyo maana nakereka mshereheshaji wa onesho la shule anapoanza kwa kuwataka wazazi wakae kimya kabisa. Mama anayepaza sauti kumwonya mhusika, "We, usisaini hiyo karatasi!", kaharibu nini? Huyo ndiye aliyekuwa anausikiliza mchezo kuliko wote. (Simu zizimwe, hapo sina ubishi.)

Tulifika Uyole mlango wa Tukuyu haujafunguliwa. Kila dada alipoanza, konda alikuwa na lake: nauli hapo nyuma, sogeeni, wawili wawili. Dada akashuka na mfuko wake, kaanza kuvuka barabara, konda akatoa kichwa nje.

"Dada! Sasa alifungua nani?"