Marekani ikitazamwa kutoka Nyarugusu

Kijiweni Mwanga, hapa Kigoma mjini, hoja inayopendwa siku hizi ni moja: Marekani si mama yetu. Mlango wa kupokea wakimbizi ni wao, wakiufunga wameufunga. Vijana wanaosema hivyo huyachukulia manung'uniko ya wakimbizi wa Kongo walioko kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, kuwa ni kilio cha watu waliozoea kulishwa.

Hoja hiyo ina uzito. Na sisi wenyewe tuna ulimi gani? Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia wakimbizi wajitegemee, na mpaka leo mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Anayetaka kuisema Washington aanzie hapa nyumbani.

Ila wanaonung'unika hawasemi hicho wanachosingiziwa. Niliozungumza nao, hakuna hata mmoja aliyedai kwamba Marekani ina deni la kumlisha. Wanasema waliitwa, wakaenda mpaka kizingitini, ndipo mlango ukafungwa.

Maana safari ile ya kuhamia Marekani haiombwi leo ukapaa kesho. Mtu huhojiwa na huyu na yule, huchukuliwa alama za vidole, hupimwa afya, na vipimo vyenyewe vina muda wake. Ukipita kabla hajasafiri, anapimwa upya. Hiyo ni miaka. Halafu nauli ya ndege, ambayo huku mjini tunadhani ni sadaka, ni mkopo: anausaini kabla ya kupanda na kuulipa kidogo kidogo akishapata kazi. Ombaomba gani huyo anayesafiri kwa deni lake mwenyewe?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi. Duniani kote watu zaidi ya 10,000 waliokwishakubaliwa walifutiwa safari. Mmoja wa waliokuwa wakisubiri ndege ni fundi cherehani, Mbembe wa Fizi, huko Kongo, ambaye tayari alikuwa ameuza cherehani yake. Leo anashonea kwenye kibaraza chake kwa cherehani ileile, anaikodi kwa siku kutoka kwa aliyeinunua.

Sasa tarakimu, maana ndizo zinazouma. Katika mwaka wa fedha wa Marekani ulioisha Septemba 2024, nchi ile ilipokea wakimbizi kama 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Kongo; hakuna nchi nyingine iliyotoa wengi hivyo. Kwa mwaka wa fedha 2026 ukomo umeshushwa hadi 7,500, na sehemu kubwa ya nafasi hizo wametengewa Makaburu wa Afrika Kusini. Zirudie hizo namba taratibu. Ingekuwa gharama, watu wangemeza. Ingekuwa usalama, wangemeza kwa shida, ila wangemeza. Lakini mlango haukufungwa, umerudishiwa tu, na upenyo uliobaki umeandikwa jina la mtu. Aliyevuka ziwa hili la Tanganyika kwa mtumbwi mwaka 1996, risasi zikilia nyuma yake, utamweleza nini kuhusu huo upenyo?

Wazee huongeza la Mobutu, aliyeitawala Kongo zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa akibebwa na Washington. Sitalirefusha, linajulikana. La karibuni lina uchungu wake: tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani mbele ya Trump, na haikupita wiki waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, wakaingia mji wa Uvira, ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili tunalovua dagaa. Haki isemwe, Trump hakuwatuma. Ila ukiwa kambini, anayekuambia vita vimekwisha na anayekufungia mlango wanapokuwa mtu mmoja, unaanza kujiuliza kama hiyo amani haikutiwa saini ili usiwe na sababu ya kubisha hodi.

Nilimuuliza yule fundi kama anaichukia Marekani. Akacheka, akakata uzi kwa meno. Simu yake, akasema, anaichaji kila jioni kwa shilingi mia tano, na laini hajabadilisha, kwa sababu namba ile ndiyo iliyomo kwenye faili.