Mizani ikisimama nayo imejibu

Jumamosi nilipita kwa mamdogo kule Nkuhungu, Dodoma, ana genge lake pale, unga wa uwele, karanga, dagaa. Hata shikamoo yangu hakuitikia vizuri, jiwe lake la mizani la gramu 50 halionekani. Kumbe alikuwa anafunga unga kilo kilo kwenye mifuko ya kaki, iko tisa, keshaibana yote stepla, na jiwe limedumbukia kwenye mmojawapo. Ukibeba mkononi hujui, gramu 50 ndani ya kilo nzima utaijulia wapi, na kubonyezabonyeza hataki, kaki inachanika.

Mi nikaona hapa ndo penyewe, maana hili fumbo linazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, vitu tisa, kimoja kizito, mizani ya sahani mbili, pima mara mbili tu. Nikaanza kupakia minne huku minne huku. Akanipiga mkono hata mizani haijatulia. "Utapima mpaka magharibi wewe."

Akaweka mitatu kwa mitatu, mitatu ikabaki chini. Mizani ikasimama, sahani sawasawa. "Haya, liko huku chini." Akachukua miwili kati ya ile ya chini, mmoja huku mmoja huku, kushoto kukalala, akachana mfuko akazamisha mkono, jiwe hilo limejaa unga.

Niseme ukweli iliniuma, sababu swali hilihili niliwahi kuulizwa kwenye intavyuu nikachemka. Na mpaka leo naona ni swali la hovyo kwa intavyuu, linapima kama ulishawahi kuliona basi. Ila kosa langu nimelijua juzi tu: nilikuwa nahesabu mizani ina majibu mawili, kushoto au kulia, ikisimama naona kama imegoma kujibu. Kumbe hilo ni jibu la tatu, limekwambia achana na hivi vya juu angalia ulivyoviacha. Ndo maana unagawa kwa tatu, tisa inakuwa tatu, tatu inakuwa moja. Ukipewa mara tatu unaweza hata vitu 27.

Kuna ile ngumu sasa, vitu 12, kimoja kibovu na hujui ni kizito au chepesi, upime mara tatu na useme ni kipi na kina nini. Ni fumbo la zamani, yule mwanafizikia Freeman Dyson aliliandikia kwenye jarida la hesabu, Mathematical Gazette, mwaka 1946. Vipe namba. Pima 1 mpaka 4 na 5 mpaka 8. Ikisimama, kibovu kiko 9 mpaka 12, pima 9, 10, 11 na vizima vitatu. Ikisimama tena ni 12, kipime na kizima ujue kimezidi au kimepungua. Hiyo ya pili ikilala unajua tayari ni kizito au chepesi, pima 9 na 10 umemaliza. Sasa ya kwanza ikilala upande wa 1 mpaka 4, hapo ndo watu wengi wanatupa simu. Hamisha: 1, 2, 5 huku, 3, 4, 6 kule. Ikisimama, chepesi ni 7 au 8, vipambanishe. Ikilala kwa 1, 2, 5, basi ama 1 au 2 ni kizito ama 6 ni chepesi, pima 1 na 2, zikiwa sawa ni 6. Ikilala kule, fanya hivohivo kwa 3 na 4, zikiwa sawa ni 5. Ya kwanza ikilala upande wa pili geuza tu maneno. Utamu wote uko kwenye hiyo 5 na 6 kuchanganywa na zile 1 mpaka 4, mi hapo nilikaa nayo siku mbili.

Nikamsimulia mamdogo hii ya 12 nikidhani nitamkamata. Akaniangalia. "Hujui kama kimezidi au kimepungua? We mtoto, sokoni nani atakuzidishia?"

Na ule mfuko uliochanika nikalipia mimi.