Miche ya asili Dodoma: mbegu zitoke wapi, na kwa miti mama mingapi?

Mvua za Desemba zinapokaribia, hoja hurudi bustanini: kwa nini kuchuma mbegu za miti ya asili porini Bahi au Chamwino, wakati za jamii hiyohiyo hupatikana mikoa yenye mvua zaidi na miche yake hukua haraka? Hoja hiyo ina uzito. Bustani hupimwa kwa idadi ya miche iliyo tayari kupandwa. Tena hali ya hewa inabadilika, na pori lililobakiwa na miti michache yenye undugu huhitaji chavua ya mbali.

Lakini mche unaomwagiliwa kila siku bado haujajaribiwa. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei, mche huishi kwa mzizi uliokwisha kuzama. Miche ya mkababu (Faidherbia albida) ilipolinganishwa, ile yenye asili ya Afrika Magharibi ilizamisha mizizi haraka kuliko ya kusini mwa Afrika. Jamii moja ya mti, tabia mbili. Na kama hofu ni joto lijalo, basi mbegu za kuongezea zitoke kukavu kuliko hapa, si kwenye mvua nyingi.

Hata hivyo, mbegu ya hapahapa huharibiwa na uchumaji. Anayelipwa kwa kilo hutafuta mti mmoja uliozaa sana kando ya barabara, akajaza gunia. Tupige hesabu. Tuseme toleo la jeni linalosaidia kustahimili ukame lina 5% tu ya nakala zote porini, na kila mti una nakala mbili. Miti mitano isiyo na undugu ina nakala 10: uwezekano wa kulipata toleo hilo kwa upande wa mama ni kama 40%. Maana yake, mara sita katika kumi unaliacha porini bila kujua. Miti 30, nakala 60, inakufikisha 95%. Chavua ya miti mingine huongeza kiasi, ila haiwezi kuliokoa gunia la mti mmoja.

Kwa hiyo miti mama, yaani inayochumwa mbegu, iachane mita 100, kwani majirani mara nyingi ni ndugu. Mti uliobaki peke yake shambani urukwe, huenda umejichavusha. Kila mti utoe uzito uleule wa mbegu kabla ya kuchanganya, na zilizotobolewa na wadudu zitupwe.

Bado kuna njia isiyohitaji gunia. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa mwaka 1979, uoto wa asili ulijirudia wenyewe. Kisiki kinachochipua shambani ni mti uliokwisha kuvuka viangazi vingi vya hapa. Bakiza chipukizi mbili au tatu zilizonyooka, kata nyingine, zuia mbuzi. Miche ya bustani ipelekwe pale visiki vilipong'olewa.