Homoni si krimu ya uso

Nimesoma makala moja, mwandishi wake anasema tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi inarudisha ujana wa uso. Hapo katia chumvi. Ni kweli estrojeni, homoni ya kike, ikishuka ngozi hupungua kolajeni, yaani protini inayoipa uimara, inakuwa nyembamba na kavu, na ipo mifano ya tiba kuongeza unene wake. Lakini utafiti wa KEEPS kule Marekani uliwafuata wanawake miaka minne, wengine wakipewa homoni, wengine vidonge visivyo na dawa. Kwenye mikunjo hakukuwa na tofauti ya maana! Rangi ya ngozi ilikuwa na uzito kuliko dawa: weusi walikuwa na mikunjo michache kuliko weupe. (Sisi tunaojipaka mkorogo tusikie.)

Dada yangu anatumia kibandiko cha homoni, anakibandika chini ya kitovu. Hakukitafuta kwa ajili ya uso. Alikuwa anaamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, anahamia sakafuni kutafuta ubaridi. Sasa analala, na majirani wanamwambia amenawiri. Mtu akilala atakosaje kunawiri?

Mwenye historia ya saratani ya matiti au damu kuganda aanze kwa daktari, siyo kwa muuza vipodozi.