Kopo la Kiukweli

Mimi nina ugonjwa wa masikio. Si wa kwenda hospitali. Mtu akisema "kiukweli" nasikia kama kijiko kinakwaruza sufuria. Babu zetu walisema "kwa kweli" wakaeleweka mpaka wakapewa wake, sasa hiki ki- cha mbele kimetoka wapi? Na "mwisho wa siku" je? Kwetu mwisho wa siku ni kuku kuingia bandani. Lakini fundi bomba atakuja kwako saa mbili asubuhi, uji haujapoa, akwambie, "Mwisho wa siku, mzee, hii koki ni ya kubadilisha." Siku imeishaje na jua ndiyo kwanza linapanda?

"Changamoto" ndiyo usiniulize. Zamani gari lilikuwa bovu. Siku hizi lina changamoto. Jirani yangu ana changamoto ya kodi mwezi wa tano huu, na mwenye nyumba wake ana changamoto ya uvumilivu.

Basi Jumapili moja baada ya chakula nikatangaza sheria. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Mimi nilijiunda mwenyewe, mezani, nikiwa na kijiti mdomoni. Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikalitoboa mfuniko, nikasema: atakayetamka mojawapo ya maneno hayo matatu atumbukize mia tano. Tena sarafu, ile yenye nyati, kwa sababu noti haina kelele na adhabu inatakiwa isikike. Mweka hazina nikamteua kitinda mimba wangu, wa miaka 8, mtoto asiyeoga mpaka aambiwe mara tatu lakini hesabu za hela anazo kichwani. Ili awe mkali, nikamwahidi asilimia kumi ya makusanyo.

Hapo kwenye asilimia kumi ndipo nilipojichimbia.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mke wangu alilipa elfu mbili, halafu akahamia kwenye kuguna, na kuguna hakukuwemo kwenye sheria. Binti mkubwa akaanza kusema "kiuhalisia", ikabidi nifanye marekebisho. Mimi sikulipa hata senti, jambo ambalo mweka hazina alilitazama kama mfanyabiashara anavyotazama duka la jirani linalouza kuliko lake.

Ikafika send-off ya mpwa wangu, binti wa dada. Mjomba ndiye msemaji, hilo halina mjadala. Dada akanipigia, "Kaka, dakika tano tu. Na tafadhali, usituletee mambo yako ya Kiswahili." Nikaandika hotuba siku tatu. Hotuba safi! Hamna "itifaki imezingatiwa", hamna hata "sina mengi", maana wenye kusema hawana mengi ndio hulaza watu na njaa.

Siku ya siku, ukumbi umejaa, wakwe wamekaa upande wao wamenyooka kama wanapigwa picha ya pasipoti. Ndafu imelazwa mezani na majani mdomoni, maana shemeji yangu ni mtu wa Rombo. MC akaniita. Nikainuka, nikakohoa kikubwa, nikafungua karatasi.

Taa za ukumbi zilikuwa za zambarau, wino wangu wa buluu. Karatasi nzima ilikuwa tupu kama nimeinunua dukani sasa hivi. Na miwani iko nyumbani, juu ya friji.

"Wakwe zetu wapendwa," nikasema.

Watu wakangoja. Na mimi nikangoja. Kichwani mlikuwa hamna kitu isipokuwa yale maneno matatu, yamebanana mlangoni kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Lililokuwa mbele likasukumwa.

"Kiukweli..."

Kacha! Kacha! Kacha!

Mlio ulitokea nyuma ya ukumbi. Nikamwona anakuja katikati ya meza, suti imemzidi mabega, kopo mkononi, analitikisa kama muuza karanga. Ndipo nikaelewa kwa nini mkoba wa mama yake ulikuwa mkubwa vile. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa anasoma feni ya darini.

Kijana akasimama mbele yangu, akainua kopo. "Baba, moja." Kipaza sauti kikalibeba neno hilo mpaka jikoni.

Nikapapasa mifuko. Nani anakwenda kwenye send-off na sarafu? Nilikuwa na noti moja ya elfu kumi, ya kumtunza mpwa. Nikaikunja haraka, nikaisokomeza kwenye tundu ili yaishe.

MC alikuwa anatafuta shangwe tangu saa moja. Akaipata. "Mjomba amefungua kopooo! Wakwe, mnaliachaje kopo la mjomba liende hivihivi?"

DJ hakuuliza. Spika zikalia. Wakwe wakatazamana, mzee wao akavuta koti, akatoka anacheza kwa mabega, noti mbili juu. Nyuma yake shangazi zao, vigelegele, khanga hewani. Upande wetu nao wakaona hii ni dharau, wakainuka. Foleni ikazunguka keki. Na yule mtoto katikati, hajui linalotokea, anatimiza wajibu wake. Bibi mmoja alipotia elfu tano nikamsikia akimuuliza, "Bibi, na wewe umesema changamoto?"

"Nimesema sana, mjukuu wangu," akajibu bibi huku akikata kiuno.

Walipokaa nikaendelea, natetemeka. Nilitaka kusema ndoa ni kuvumiliana. Ulimi ukatoa, "Kwenye ndoa kuna changamoto, lakini mwisho wa siku..."

Kacha! Kacha! Safari hii hawakumngoja MC.

Chakula kilitoka saa tano na nusu usiku. Msemaji wa wakwe, katika kushukuru, alisema wamepokelewa vizuri, hasa kwa ile mila ya kopo, ambayo kwao haipo ila wataichukua. Shemeji akaniinamia sikioni, "Ni mila ya kwenu ile?"

"Ya kale," nikamjibu.

Pesa alikabidhiwa bibi harusi zote, laki tatu na ushee, na kopo likarudi nyumbani likiwa tupu. Asubuhi mweka hazina akaniletea daftari. Amenihesabia: kumi na moja. Nikapiga hesabu nami. Kumi na moja mara mia tano ni elfu tano na mia tano, na mimi nilitoa elfu kumi.

"Nirudishie elfu nne na mia tano," nikasema.

Akanitazama kama kondakta aliyeulizwa chenji kituo cha mwisho. Akajipapasa mifuko, akaangalia dari, akaangalia mlango.

"Kiukweli, baba, chenji..."

Nikamsogezea kopo.