Makochi ya watu saba, sebule ya futi kumi

Jamani, nani katuroga na hizi seti za watu saba? Nyumba nyingi za kupanga hapa Tabora sebule ni futi 10 kwa 12. Kochi lina kina cha futi 3. Weka mawili yatazamane, futi 6 zimekwisha. Ongeza meza ya futi 2, kila upande inabaki futi moja. Mgeni anapita kiubavubavu kama kaa, goti linagonga kona ya meza, chai hiyoo kwenye kitambaa! Na mlango haufunguki wote.

Mikono ya kochi nayo! Inchi 8 kila upande, haikaliwi na mtu, labda rimoti. Mwambie fundi inchi 3 zinatosha.

Kabla ya kutoa advansi, chora makochi sakafuni kwa chaki, vipimo kamili. Njia ya kupita iache sentimita 75. Kochi moja la watatu na viti viwili vyepesi, basi.

Halafu mninga, mbao ya fremu, uwe umekauka. Mbichi ukikaukia sebuleni kiangazi, maungio yanalegea, kochi linalia kila ukikaa.