Kumtoa mpangaji Kenya: wakili analipwa kwa kazi gani?

Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu hakosi washauri. Wengi humwambia akate maji na umeme, apige kufuli, au amtume keateka (mtunza nyumba) ang'oe mlango. Ushauri huo ni wa bure na unaonekana wa haraka, lakini ndio unaogeuza mdai kuwa mshtakiwa. Mpangaji anakimbilia mahakamani na picha za mlango uliong'olewa, anapata amri ya kumrudisha ndani, kisha anadai fidia. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, kumsumbua mpangaji anayelindwa na sheria hiyo kwa nia ya kumfanya ahame ni kosa la jinai.

Kwa upande mwingine, wanaoona wakili kuwa gharama tupu wana hoja nzito. Nyumba ya kodi ya shilingi 15,000 yenye deni la 45,000 haibebi kesi ya mwaka mzima. Hata ukishinda, pesa za wakili, ada za mahakama na malipo ya dalali wa mnada vinaweza kupita deni lenyewe, na mpangaji asiye na mali halipi hata akiamriwa. Kwa hiyo swali ni kazi ipi hasa wakili alipwe, na katika hatua gani.

Kazi ya kwanza ni kujua uko chini ya sheria gani, na hapo ndipo wengi hupotea. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sura ya 296 na jopo lake la kuamua migogoro. Duka, hoteli au mkahawa vinaweza kuwa chini ya Sura ya 301, sheria ya 1965 ya upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ikiwa mkataba si wa maandishi, au ni wa maandishi lakini hauzidi miaka mitano, au una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka hiyo kwa sababu isiyo ya kukiuka masharti. Hapo kesi huenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Nyumba za kuishi za kodi ya juu zaidi zinafuata mkataba na Sheria ya Ardhi ya 2012, na kesi huenda mahakamani. Ukipeleka kesi pasipo na mamlaka, itatupwa kabla hata deni halijasikilizwa.

Kiwango hicho cha 2,500 kimezeeka vibaya. Jijini Nairobi chumba kimoja chenye choo ndani mara nyingi kinakipita, kwa hiyo mpangaji wa kipato cha chini hana ngao aliyokusudiwa. Mswada wa 2021 ulitaka kuunganisha sheria hizi na ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, lakini haukupita katika Bunge lile.

Kazi ya pili, ambayo kwangu ndiyo inayostahili pesa kuliko zote, ni notisi ya kuvunja upangaji wa duka. Chini ya Sura ya 301 barua ya kawaida haitoshi hata ikiwa na mhuri wa wakili. Inatakiwa fomu iliyowekwa na sheria, Fomu A kwa mwenye jengo. Lazima itaje sababu zinazokubaliwa, kwa mfano kodi iliyochelewa miezi miwili baada ya siku yake, ucheleweshaji wa mara kwa mara, au nia ya kubomoa na kujenga upya. Lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au la. Na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu aipokee. Wengi huhesabu tangu siku waliyoiandika. Notisi iliyopokelewa tarehe 5 Machi haiwezi kuanza kabla ya 5 Mei, na aliye makini huandika 1 Juni ili asibishane juu ya siku. Sahihi ya mpangaji kwenye nakala, au ushahidi wa aliyeipeleka, ni muhimu sawa na maneno yaliyomo. Kosa moja kati ya haya huifanya notisi isifae, na mwenye jengo huanza upya huku kodi ikizidi kurundikana.

Mpangaji asipopinga, notisi inaanza kufanya kazi siku iliyotajwa. Akipeleka pingamizi kwenye jopo kabla ya siku hiyo, notisi inasimama hadi uamuzi utolewe. Hapa ndipo wenye majengo hulalamika kwa haki: asiyelipa anaendelea kukaa ndani, mkopo wa benki hausubiri, na tarehe za kesi husogezwa. Lakini sheria hii ina sababu yake. Mfanyabiashara ndiye aliyewavuta wateja kwenye kona hiyo, na bila kinga angeondolewa mara tu biashara inapochangamka ili nafasi apewe mwingine kwa kodi kubwa. Ningependa kinga hiyo ibaki, na kesi zisikilizwe upesi zaidi. Kwa sasa, wakili mzuri hangoji uamuzi wa mwisho: anaomba mapema kodi ilipwe wakati kesi inaendelea, au ruhusa ya kukamata mali kufidia malimbikizo.

Kukamata mali nako hueleweka vibaya. Chini ya sheria ya kukamata mali, Sura ya 293, dalali wa mnada mwenye leseni huorodhesha mali ya mpangaji na kuiuza kulipia kodi. Hiyo ni njia ya kupata pesa, haimtoi mtu ndani. Mpangaji anaweza kudai kuwa kwa kukamata mali umekiri upangaji bado uko hai. Hoja kama hiyo huja pia anapotuma 3,000 kwa M-Pesa baada ya notisi kuisha. Mjibu siku hiyohiyo kwa maandishi kwamba ni malipo ya deni la nyuma.

Kwa nyumba za kuishi zisizodhibitiwa, kama hakuna mkataba wa muda maalumu, notisi inafuata kipindi cha kodi: anayelipa kwa mwezi hupewa angalau mwezi. Baada ya hapo ni kesi. Mshtakiwa akifika mahakamani bila kuwasilisha utetezi, Agizo la 36 la Kanuni za Mwenendo wa Madai linaruhusu kuomba hukumu ya haraka ya kurudishiwa nyumba. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu, yaani ada ya serikali juu ya hati, huzuiliwa kuwa ushahidi hadi ulipiwe pamoja na faini. Ushuru ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka kwa mkataba wa hadi miaka mitatu, na 2 ukizidi hapo.

Kwa deni dogo la nyumba ya kuishi, ningemlipa wakili asome mkataba, aandike notisi na aandae makubaliano: mpangaji asamehewe mwezi mmoja au miwili, atie sahihi tarehe ya kuondoka, na dipositi ihesabiwe mbele yake. Kwa duka lenye mpangaji aliyewekeza na yuko tayari kupinga, ningemtaka wakili tangu kabla ya Fomu A kujazwa.